Ndama wa Kamba

Ndama wa Kulu alikufa asubuhi ya siku ya soko, shingo ikiwa bado imefungwa kwenye kamba, na mzoga haujapoa Manga alishafika na pikipiki yake kuchukua maziwa.

Aliegesha, akashusha madumu yake ya bati, akatazama kilicholala pale chini. Matako ya ndama yalikuwa yamepakaa uharo wa kijivu mpaka kwenye kwato. Kulu alikuwa amechuchumaa, anahangaika na fundo la kamba. Alikuwa bado binti, ameolewa juzi tu na mdogo wa mchungaji Sambo. Nyuma ya Kulu alisimama Daado, mke wa Sambo huyo, kibuyu kitupu mkononi.

"Poleni," Manga akasema. "Mungu atatoa mwingine. Maziwa ya leo yako wapi?"

"Ni wa pili kwangu, shemeji," Kulu akasema.

"Wa pili! Basi punguza kiu, binti." Manga akacheka, akawatazama wanawake wengine waliokuwa wanakuja na vibuyu vyao, ili nao wacheke. "Unga nawaletea mifuko kwa mifuko, ndama wanakufa njaa. Sasa unga anakula nani? Na alfajiri, kabla sijafika, mnamkamulia nani?"

Kulu akainamisha kichwa kama aliyechapwa.

Katika milima ya Mambila, huku Nigeria, mwanamke wa Kifulani anaweza kutukanwa mengi na akacheka. Mwambie mvivu, atakujibu. Mwambie mtindi wake una maji, atakumwagia miguuni uone mwenyewe kama una maji. Lakini ukimwambia anakamua fungu la ndama, umemwambia amekula mtoto. Ng'ombe ni wa mume, maziwa ni ya mke, na katikati yao iko chuchu moja isiyo ya mume wala ya mke. Mwanamke akiigusa hiyo, hurudishwa kwao, na huko kwao hawaulizi kwa nini.

"Mtani wangu," Daado akasema, "chukua maziwa yako uende. Hapa kuna msiba."

"Mmesikia? Mtumwa wangu anataka nimwekee ndama matanga."

Manga alikuwa mtoto wa mjomba wake Daado, na watoto wa mjomba na shangazi huitana watumwa, huibiana viatu, hutukanana mpaka msibani, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Manga ameishi vizuri sana kwa ruhusa hiyo. Kila neno chungu lililomtoka lilivishwa kofia ya utani, na ukinuna, wewe ndiye usiye na adabu. Akajaza madumu, akaondoka anapiga honi.

Mambo yalianza masika. Watu wa Nyumba ya Maziwa, kampuni ya mjini, walipanda mpaka kambini, wakaketi kwa Ardo, mkuu wa kambi, ambaye ni kaka yake Manga tumbo moja. Manga ndiye mwenye Kihausa cha mjini, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimama katikati kutafsiri. Maneno yalikuwa matamu. Watachimba kisima cha pampu na kujenga mahori ya saruji juu kilimani, ng'ombe wasishuke tena mtoni wakati wa kiangazi, wasipite tena kwenye mahindi ya watu, watu wasitoleane tena mapanga. Nao watanunua maziwa. Yote? Yote, ya asubuhi na ya jioni. Na ndama? Ndama ataonyeshwa kwa mama yake ili maziwa yashuke, kisha atavutwa pembeni apewe unga wa maziwa, ukorogwe kwenye ndoo kwa maji ya vuguvugu. Unga gani? Unga mzuri. Hakuna aliyesema kwamba ni soya na mahindi, na maziwa kidogo ya kutia harufu.

Pampu ilichimbwa kweli. Hilo ndilo lililowafunga watu midomo. Mtu aliyepigwa panga mtoni hakatai pampu.

Wanawake hawakuulizwa. Maziwa yalipouzwa sokoni kwa kibuyu yalikuwa yao. Yalipopanda pikipiki yakawa ya wanaume.

Mchana wa siku ile ile uharo ukamshika ndama wa Oole.

Oole alikuwa ng'ombe wa Daado, rangi ya mchanga, mpole. Daado alipoolewa, mama yake alimkabidhi mtamba mmoja, akamwambia, ukiachwa na watu wote huyu hatakuacha. Mtamba yule alizaa, wanawe wakazaa, ukawa ukoo, kisha kiangazi kimoja cha maradhi kikaufyeka akabaki Oole peke yake. Sasa pembe za Oole zilijaa pete za uzazi, meno yamelegea, na miaka yote hiyo alizaa madume matupu. Safari hii, ambayo kila aliyemtazama alijua ni ya mwisho, akazaa jike. Jike lile likifa, alichopewa Daado na mama yake kimekwisha duniani.

Daado alimkuta ndama huyo amesimama kwenye kamba, mgongo umepinda kama upinde, mkia umelowa. Akaenda kwa mumewe. Sambo alikuwa ameketi mlangoni kwa mama yake anasuka kamba mpya.

"Baba Ori," Daado akasema, maana mke hatamki jina la mume, humwita kwa jina la mtoto wao wa pili, "namrudisha kwa mama yake anyonye."

Sambo hakuinua uso. "Ukimrudisha wewe, na wenzako watarudisha."

"Warudishe."

"Na pampu je? Manga kasema wazi. Nyumba itakayopunguza maziwa, ng'ombe wake hawanywi kwenye mahori. Unataka nishuke tena mtoni?" Akajishika bega, pale panga lilipopita. "Hili bega unalipaka mafuta wewe mwenyewe. Umesahau?"

"Sijasahau. Lakini ndama anakufa."

"Chemsheni maji vizuri, basi. Wanasema ni maji."

"Maji tunachemsha mpaka kuni zimekwisha mlimani!"

Mama yake Sambo, Inna Yasibi, ambaye macho yalimzimika zamani, aligeuza uso upande wa sauti zao.

"Huo mfuko wa unga," akauliza, "una picha?"

"Unayo, Inna," Daado akasema. "Ndama mnene."

"Anacheka?"

"Ndama hacheki, Inna."

"Wetu alikuwa anacheka." Bibi akapapasa kando yake, akakivuta kikopo cha bati chenye kutu anachowekea njugu zake za kola. Picha ilishafutika kitambo. Palibaki weupe kidogo kama kovu. "Mtoto mnene, mashavu hivi. Walikuja zahanati ya bondeni, wanawake wamevaa meupe tupu. Wakatuambia maziwa ya titi ni ya watu wasio na maendeleo. Wakatugawia makopo ya unga bure. La kwanza bure. Sisi tukafunga vifua kwa kitambaa ili tuwe na maendeleo. Kopo la bure likaisha, na vifua vimekauka. Tukakoroga maji."

Akatafuta kola, akaiacha.

"Walipoanza kuharisha, wale wa nguo nyeupe walisema sisi ni wachafu. Hatuchemshi." Akamwelekezea mwanawe kidevu. "Kaka yake huyu."

Kamba ikasimama mikononi mwa Sambo. Mwanamke wa Kifulani hatamki jina la mtoto wake wa kwanza, wala hamlilii mbele za watu, ni aibu. Sambo alijua kwamba alitanguliwa na mtu, kama mtu anavyojua kuna mto nyuma ya mlima. Kwa kinywa cha mama yake hakuwahi kusikia habari hiyo.

Daado aliingia nyumbani kwake. Alichukua kisu, akamwita Kulu, wakaenda nyuma ya zizi.

Mzoga ulikuwa bado haujaguswa na mbwa. Daado alipasua kwa mkato mmoja, akalitafuta tumbo la mwisho, lile la maziwa. Kila mchungaji aliyewahi kumpasua ndama anayenyonya anajua kilichomo humo: bonge jeupe, maziwa yaliyoganda yakashikana, yenye harufu ya uchachu mtamu. Tumbo lenyewe ndilo linaloyagandisha, halihitaji kufundishwa. Akachana. Ukamwagika uji. Uji wa kijivu, mwepesi, unga wake uko vilevile kama ulivyotoka kwenye ndoo, na juu povu linalonuka kunde zilizooza.

Kulu akaweka mkono mdomoni. "Tumbo limejaa," akasema taratibu. "Adda, dada yangu, tumbo limejaa. Sikumnyima."

"Hukumnyima."

"Nilikuwa namlisha. Alikuwa anamaliza ndoo na kulamba vidole vyangu."

"Amekufa njaa ameshiba," Daado akasema. "Hiyo wenye unga wanaijua." Akachota ule uji kwenye kibuyu, akaufunika kwa jani, akatembea mpaka kwenye josho.

Terna, bwana mifugo wa Nyumba ya Maziwa, alikuwa ameketi kivulini pa mkalitusi anakula karanga. Alikuwa Mtivi, kabila la wakulima wa kule mabondeni, mtu mwenye sauti ndogo, asiyejua Kifulfulde. Daado alimsemesha kwa Kihausa chake cha sokoni.

"Bwana mifugo, nimekuletea chakula."

Terna akafunua jani, akanusa, akalirudisha.

"Huyu alikuwa na umri gani?"

"Wa kamba."

"Ndiyo umri gani huo, mama?"

"Anayenyonya. Hajatia jani kinywani."

Bwana mifugo akaziweka karanga chini. "Huyo hatakiwi kupewa unga huu."

"Endelea."

"Tumbo la ndama mchanga lina vimeng'enya vya maziwa tu. Vimeng'enya ni... ni kama mafundi wa tumboni. Yupo fundi wa kugandisha maziwa, huyo anazaliwa naye. Fundi wa soya na fundi wa mahindi bado hawajafika. Wanakuja polepole, kadiri anavyoanza kuchokoa nyasi. Ni kama meno, mama. Hupewi muwa hujaota meno. Ukimpa unga mapema, unapita kama ulivyo. Unaoza njiani. Anaharisha, anakauka."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilisema! Siku ya mkutano nilisema kwa mdomo wangu: unga ni wa ndama aliyeanza kutafuna. Bwana Manga akatafsiri."

"Alitafsiri *ndama wa kamba*."

Terna akatazama karanga zake.

"Kifulfulde sikijui," akasema.

"Na walipoanza kufa? Kufa nako ni Kifulfulde?"

"Niliwaambia wakubwa. Wakasema wanawake hawachemshi maji."

"Nawe ukasema nini?"

Akaokota karanga moja, akairudisha. "Nina watoto shuleni, mama."

"Nami ninaye mmoja kwenye kamba." Daado akakichukua kibuyu chake. "Ukweli si dawa ya kupe, bwana mifugo, ukinyunyiza mara moja unangoja msimu mwingine."

Njia nzima ya kurudi alikuwa anaongea peke yake. Hasira yake haikuwa kwa mtu asiyejua. Asiyejua unamfundisha, au unamhurumia. Hawa walijua. Wa juu alijua akanyamaza, wa kati alijua akageuza neno, wa chini alijua akala karanga. Na mwanamke aliyekoroga ndoo, ambaye peke yake hakujua, ndiye aliyeambiwa mchafu na mwizi.

Akaelewa pia kwa nini neno liligeuzwa. Ndama aliyeanza kutafuna hahitaji maziwa mengi; kumpa unga yeye hakuongezi dumu hata moja. Maziwa ya kuongeza madumu ya Manga, anayelipwa kwa dumu, yako kinywani mwa ndama wa kamba tu.

Ijumaa, baada ya swala, wanaume walikuwa wamekaa kwa Ardo. Daado alikuja amemshika mkono Inna Yasibi, Kulu nyuma yao, na wanawake wa nyumba nyingine nyuma ya Kulu. Hawakukaa kule nyuma walikozoea. Walisimama.

"Haya," Manga akasema, "watumwa wangu wamekuja kudai uhuru."

"Mtani wangu," Daado akasema, "leo utani nimeuacha nyumbani. Nakuuliza neno moja. Siku ya mkutano, bwana mifugo alisema unga ni wa ndama gani?"

"Wa ndama."

"Gani?"

"Wewe nawe! Watu wametoka kuswali. Alisema ndama."

"Alisema aliyeanza kutafuna. Wewe ukatuambia wa kamba."

Manga akacheka, akawageukia wanaume, akakunjua mikono. "Jamani. Kihausa kina neno moja. Mimi ni nani niwafundishe Wahausa lugha yao? Ndama ni ndama."

Hakuna aliyecheka.

Kifulfulde kina jina la ndama aliyezaliwa leo mwenye dang'a, maziwa ya kwanza, mdomoni, na jina la anayenyonya, na la anayeanza kuchokoa nyasi kwa kuiga, na la anayekataliwa na mama yake, na la yatima anayenyonya kwa wizi. Mtoto wa Kifulani huyajua majina hayo kabla hajajua kuhesabu. Asemaye *ndama ni ndama* ni mchinjaji. Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akajisogeza kidogo kwenye mkeka, mbali na Manga, kama mtu anayekwepa jua. Ardo mwenyewe alitazama vidole vya miguu yake.

"Semeni, basi," Daado akawaambia. "Ndama ni ndama?"

Ardo akasafisha koo. "Jambo limesikika. Tutaongea na wakubwa wa Nyumba ya Maziwa. Lakini tusikimbilie. Kiangazi kiko mlangoni, na pampu ni yao."

"Mpaka mtakapoongea nao, wa kwangu atakuwa ngozi."

"Subira, mama."

"Subira nimeikoroga kwenye ndoo," Daado akasema. "Wameihara."

Wanaume wakaitikia maneno ya Ardo mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za chini, kama watu wanaolipa deni la mwenzao. Sambo hakuitikia. Hakupinga pia. Manga alipompita Daado wakati wa kutoka alimtupia, "Mtumwa wangu, umenichongea vizuri. Kesho naleta madumu yale yale."

Jioni Sambo alifunga ndama kwenye kamba kama kila siku, maana kamba ni kazi ya mume kuifunga. Alfajiri, ukungu bado umelala juu ya kambi, Daado alitoka kwenda kuifungua. Aliingiza vidole kwenye fundo la kwanza akitarajia kupambana nalo, likafunguka kwa mvuto mmoja. La pili vilevile. Sambo alikuwa amefunga fundo la kitoto, lile wanalofunga watoto wanapocheza. Kwenye mlango wa nyumba mtu alikohoa, kisha akakoroma kwa nguvu kuliko mtu aliyelala kweli.

Ng'ambo ya uwanja akaona vivuli vya wanawake wengine wameinama kwenye kamba zao.

Ndama walipogundua hakuna kinachowashika walisimama kwanza, hawaamini. Kisha wakaenda. Walipita kati ya wanawake, kati ya vibuyu, wakilia, wakigonga viwele kwa vichwa mpaka ng'ombe wanayumba, na kambi nzima ikajaa mlio wa kunyonya.

Wa Oole hakwenda. Magoti yalimkatalia. Daado na Kulu walimbeba, mmoja mbele mmoja nyuma, uharo ukiwatiririkia nguoni, wakamsimamisha chini ya mama yake. Oole akamnusa, akamlamba mkia ule mchafu bila kuuliza mchafu ni nani. Daado akamfungulia ndama mdomo kwa kidole, akamkamulia ulimini. Kichwa kilianguka. Akamkamulia tena.

"Adda, hataki," Kulu akasema.

"Hana nguvu ya kutaka. Shika."

Kidole cha Daado kilikuwa bado mdomoni mwa ndama aliposikia ulimi unakikunja.

Manga alipofika, alikuta wanawake wameketi juu ya vibuyu vilivyopinduliwa. Alikwenda nyumba hadi nyumba na madumu yake, akarudi nayo yanagongana matupu.

"Mmefanya nini?"

"Tumelisha," Daado akasema.

"Mtalia kiangazi."

"Tutalia. Kulia tunakujua."

Mchana watu wa Nyumba ya Maziwa wakapanda, wakaitia pampu kufuli. Ardo alikwenda kuwasihi, akarudi peke yake. Ndama wengine wawili waliokuwa wamekauka mno walikufa vivyo hivyo, chuchu mdomoni, na mwenye mmoja wao alikuja kumlaumu Daado kwa maneno ambayo hayaandikiki. Daado akayasikiliza yote.

Manga hakuacha kuja. Kila asubuhi honi, kila asubuhi madumu, kila asubuhi utani mpya. Alijua njaa na kiu ni marafiki zake na atawangoja. Na asubuhi moja, kiangazi kimeshaingia, alimkuta Sambo amefunga kilemba, fimbo begani juu ya kovu, ng'ombe wamekusanywa kushuka mtoni. Ndama wa Oole alikuwa amesimama kando, mwembamba, masikio juu. Daado alikuwa amechuchumaa nyuma yake.

"Mtumwa wangu," Manga akasema, "siku hizi unaabudu mkia?"

Ndama akainua mkia. Kilichotoka hakikuwa maji. Kilikuwa na umbo, rangi ya manjano, kimeshikana. Daado alikichota kwa vidole viwili, akanusa, akainuka, akaenda mpaka kwenye pikipiki, akakipaka juu ya mfuniko wa dumu, taratibu, kama anayepaka ukuta.

"Yameganda," akasema. "Peleka mjini. Waambie ndiyo maziwa ya leo."

"Daado. Utani gani huu?"

Lakini Sambo alishapiga mluzi, na ng'ombe walikuwa wanapita kati yao kwenda mtoni, Oole nyuma kabisa, na mwanawe amemng'ang'ania ubavuni.